Mabanda ya Expo (maonyesho ya dunia, ambapo nchi hujenga majengo yake): uyaone maonyesho yakiendelea, au yakishafungwa?

Kwa wingi wa vitu vya kuona, kwenda maonyesho yakiwa wazi hakuna mpinzani. Banda la Japani pale Hannover, Ujerumani, mwaka 2000, kazi ya msanifu majengo Shigeru Ban, lilijengwa kwa mabomba ya karatasi ili baadaye yarejelezwe. Aliyechelewa amebaki na picha. Osaka 2025 nako, duara la mbao la msanifu Sou Fujimoto, lenye mzunguko wa kilomita 2 hivi, lilinoga ukiwa juu yake katikati ya umati. Bei yake ni foleni, nazo hunimaliza kuliko nauli.

Baadaye kuna utulivu. Terra ya Dubai, banda la uendelevu (kujenga bila kuharibu mazingira) la Expo 2020 (iliyofunguliwa Oktoba 2021, corona ndiyo sababu), bado ipo. Ukisimama chini ya paa lake la upana wa mita 130, lililobeba paneli za sola, jicho linatafuta vumbi, kutu na viungo vilivyolegea. Uendelevu unapimwa hapo, kwenye matunzo, wala si siku ya uzinduzi. Ila mabanda mengi yatakuwa yamebomolewa.

Mwenye siku tatu na miguu imara aende mapema. Mwanafunzi wa usanifu, au mwenye watoto wadogo, anaweza kusubiri.