FreeCAD kwa mapanga ya feni: uzoefu wangu hapa Tanga

Nina karakana Ngamiani, natengeneza feni za kukaushia. Wateja wangu wengi ni kina mama wanaonunua dagaa pale soko la samaki la Deep Sea, na adui yao ni masika. Jua likikosekana siku mbili dagaa wanaharibika, kwa hiyo wanawakausha ndani ya vibanda vyenye vichanja, feni ikipuliza usiku kucha.

Kwa miaka mingi nilikata mapanga kwa bati na kuyapinda kwa nyundo, pembe moja kuanzia kitovuni hadi nchani. Feni zilivuma vizuri, lakini vichanja vya katikati vilichelewa kukauka. Siku moja nikafukiza ubani mbele ya feni. Moshi wa pembeni ulisukumwa mbele. Wa katikati ulirudi nyuma, ukaingia kwenye mapanga. Usiku ule sikulala.

Hesabu yake si ngumu. Feni yangu ina kipenyo cha milimita 400 na mota ya mizunguko 1,400 kwa dakika. Ncha ya panga inakimbia mita 29 kwa sekunde, lakini sentimita 6 kutoka katikati kasi ni kama mita 9 tu. Nikitaka hewa ipite kwa mita 6 kwa sekunde, basi hewa inalikuta panga kwa pembe ya nyuzi 12 hivi nchani na nyuzi 34 kule kitovuni. Panga lazima lisokotwe, na nyundo yangu haiwezi kusokota mapanga matano yakafanana.

Ndipo nikapakua FreeCAD 1.0, programu ya kuchora vitu vya pande tatu kwa vipimo, toleo la Novemba 2024. Ni ya bure kabisa, na inafanya kazi kwenye kompyuta yangu mpakato ya mtumba yenye RAM ya GB 8. Toleo hilo lilipunguza sana tatizo la siku nyingi: ukibadilisha mchoro wa mwanzo, vilivyojengwa juu yake vinapoteza mahali pake. Kwa kazi ya panga hilo ni jambo kubwa, maana unarudi nyuma kila mara, unaongeza nyuzi mbili huku, unapunguza upana kule.

Unachora mikato ya panga, yaani umbo linaloonekana ukilikata panga kwa upana; mimi nilichora minne, kila mmoja kwa pembe yake, kisha amri ya lofti inavuta uso mmoja juu ya yote. Umbo la mkato nilichukua liitwalo NACA 4412, la Wamarekani wa miaka ya 1930 kwa ajili ya mabawa ya ndege. Namba zenyewe zinajieleza: mbinuko ni asilimia 4 ya upana, kilele chake kiko sehemu 4 kati ya 10 kutoka ukingo wa mbele, unene ni asilimia 12.

Panga la kwanza lilipendeza sana kwenye skrini, na nilikuwa tayari kulituma likachapishwe kwa printa ya 3D. Kilichoniokoa ni nyongeza iitwayo Curves, ambayo unaipakua kando kupitia meneja wa nyongeza. Ina kifaa kinachoupaka uso milia kama ya punda milia. Uso ukiwa laini, milia inateleza. Nyuso mbili zikiungana vibaya, milia inakatika au inavunjika kiwiko. Yangu ilitetemeka upande wote wa juu, kama maji yaliyotupiwa jiwe. Nilikuwa nimepitisha mstari uliopinda, unaoitwa splaini, kwenye pointi zaidi ya 60 za jedwali la umbo lile la NACA, na kila pointi ilikuwa inavuta kwake.

Dawa niliipata kwa baba mdogo, fundi majahazi wa Sahare. Nilimwonyesha skrini, akaitazama kitambo. "Mwanangu, misumari hiyo mingi. Ubao wa kupimia ukiubana kila mahali unapata mawimbi. Ubane pachache, uuache utafute njia yake."

Baadaye nikasoma kwamba neno splaini lenyewe lilikuwa jina la ubao mwembamba kama huo, ambao wachora meli waliupinda, kabla Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault hawajaigeuza kazi ya mikunjo kuwa hesabu ya kompyuta. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Nikafuta pointi zote, nikaweka 7 juu na 7 chini kwa kila mkato. Milia ikatulia. Curves ina pia mchoro kama chanuo unaoonyesha mstari umepinda kiasi gani kila mahali; chanuo langu, ambalo mwanzo lilikuwa na meno marefu na mafupi ovyo, likawa na meno yanayopungua taratibu.

Panga halikuishia kwenye plastiki. Nililichapisha kwa PLA, plastiki ya printa za 3D, kama kielelezo, kisha fundi wa kusubu sufuria akalisubu kwa alumini kwenye mchanga. Alumini ikipoa inasinyaa kwa asilimia 1.3 hivi, kwa hiyo nilikikuza kielelezo kwa kiasi hicho kabla ya kuchapisha. Ukingo wa nyuma niliuacha milimita 2, maana ukiwa mwembamba kama wembe alumini iliyoyeyuka haifiki. Na usikiache kielelezo cha PLA ndani ya gari juani. Nyuzi joto 60 zinatosha kukilegeza.

Mapanga matano niliyapima kwenye mizani nikayasawazisha kwa tupa. Nikafukiza ubani tena: moshi wote ukaenda mbele, hata wa katikati. Mvumo umepungua kiasi kwamba mteja mmoja aliuliza kama nimebadilisha mota.

Ujue tu kwamba FreeCAD inakupa umbo. Hewa itapitaje ni swali jingine. Ipo nyongeza ya CfdOF inayotumia programu nyingine, OpenFOAM, kukokotoa mtiririko wa hewa, ila bado sijaijaribu. Mimi bado natumia ubani. Sasa nina oda ya feni ya milimita 600, na mikato yake minne iko kwenye skrini, pointi 7 kwa 7.