Miezi 6 ya masaji nikiwa na MS

Nina MS (multiple sclerosis), ugonjwa ambao kinga ya mwili huishambulia ala inayozifunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Kinachonitesa zaidi ni miguu kukakamaa usiku: vigimbi vinajikaza kama kamba iliyoloa maji. Natumia baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, na nafanya mazoezi ya fiziotherapia. Masaji niliiongeza juu ya hayo, daktari wangu akiwa na habari.

Mara ya kwanza nilijuta. Mkandaji alinipanga mawe ya moto mgongoni, nami sikujua kwamba nilipaswa kumkataza. Nilipoinuka, jicho la kushoto lilikuwa na ukungu na miguu hainibebi. Joto la mwili likipanda, neva zilizopoteza ala hushindwa kupitisha ujumbe; daktari wa macho Mjerumani, Uhthoff, alilieleza jambo hili tangu 1890. Mwili ulipopoa nikaanza kuona vizuri, lakini hofu ile siisahau.

Mkandaji wa pili aliniuliza maswali kabla hata hajanigusa. Chumba chake kina ubaridi, mafuta hayapashi moto. Nyayo zangu zina ganzi, kwa hiyo hazikandamizi, maana akiniumiza sitajua. Pale ninapojichoma sindano ya dawa pajani hapagusi. Nikiinamisha shingo, kitu kama umeme hushuka mgongoni, basi mkandaji hunilaza ubavu, mto katikati ya magoti. Mikono yake huenda polepole. Kupigapiga huamsha mkazo upya.

Usiku wa siku ya masaji na unaofuata nalala, jamani, nalala kweli! Siku ya tatu mkazo hurudi. Maumivu ya mgongo yamepungua, na moyo umetulia. Uchovu haujaondoka, wala nguvu ya mguu wa kulia haijarudi. Masaji haizuii ugonjwa kuendelea, na anayekuahidi kuyafuta makovu ambayo MS huacha kwenye ubongo kwa mikono yake usimpe hela yako.

Ukiona kigimbi kimoja kimevimba, kina joto na kinauma, usikubali kukandwa. Huenda damu imeganda humo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nilianza na saa nzima nikawa natoka hoi, sina nguvu ya kuvaa viatu. Sasa ni dakika 30, mara moja kwa wiki, na bado naendelea.