Atlasi ya Ubongo wa Panya ya Allen Institute kwa Anayetafuta Tofauti za Kushoto na Kulia

Atlasi ya ubongo wa panya inayotolewa bila malipo kwenye intaneti na Allen Institute for Brain Science ya Seattle, Marekani, ilikamilika mwaka 2006, na mimi huifungua kila ninapotaka kusoma habari za kipokezi chochote cha ubongo, yaani protini inayopokea ujumbe wa kemikali unaoifikia seli. Inaonyesha mahali ambapo jeni zipatazo 20,000 hufanya kazi katika ubongo wa panya dume wa siku 56, uliokatwa vipande vyenye unene wa mikromita 25. Hapa ninaipima kwa swali moja tu: inatusaidiaje kuelewa jinsi protini za vipokezi, zinazokaa juu ya utando wa seli, zinavyoutofautisha upande wa kushoto wa ubongo na ule wa kulia?

Tafuta Grin2b, jeni ya sehemu mojawapo ya kipokezi cha glutamati (kemikali ambayo seli za neva hupelekeana ujumbe kwayo), kisha uitazame hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Miili ya seli imejipanga katika utepe uliojikunja, wenye rangi ya zambarau iliyokoza, na kadiri unavyokuza picha ndivyo unavyozidi kuiona seli mojamoja. Ni kazi ya kupendeza mno. Lakini tazama kandokando ya utepe huo: eneo la dendraiti, yaani matawi ya seli yanayopokea ujumbe, ambako ndiko sinapsi (viungo ambapo seli moja huipa nyingine ujumbe) ziliko, limebaki limefifia. Rangi hiyo hushika RNA, yaani maagizo ya kutengeneza kipokezi, ambayo kwa sehemu kubwa hukaa katika mwili wa seli. Kipokezi chenyewe kimepelekwa wapi, picha haisemi.

Na tofauti tunayoitafuta iko huko kilikopelekwa. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba, katika CA1, eneo mojawapo la hipokampasi, sinapsi zinazofikiwa na nyuzi za CA3 (eneo jingine la hipokampasi linalopeleka ujumbe CA1) ya kushoto ni ndogo na zina msongamano mkubwa wa NR2B, protini inayotokana na Grin2b, ilhali zinazofikiwa na nyuzi za CA3 ya kulia ni kubwa zaidi na zina GluR1, protini ya kipokezi kingine cha glutamati, kwa wingi. Kwa kuwa nyuzi za pande zote mbili hukutana katika CA1 ileile, jambo la kuangalia si seli iko upande gani, bali ujumbe unaoifikia umetoka upande gani. Kisha mwaka 2017 ikabainika kwamba panya wasio na PirB, kipokezi kilichozoeleka zaidi katika seli za kinga ya mwili, huukosa mpangilio huo. Matokeo haya yamenigusa kuliko mengine yote katika somo hili.

Kuna mipaka miwili zaidi. Picha nyingi za atlasi zimekatwa kwa wima, kutoka mbele kwenda nyuma, na huchukua nusu moja tu ya ubongo. Ramani ya pamoja ya taasisi hiyohiyo, iliyotokana na wastani wa panya 1,675, imefanywa kwa makusudi kuwa na pande zinazolingana, kwa kuigeuza kila picha kama inavyoonekana kwenye kioo na kuichanganya na ya asili. Kwa anayechora mipaka ya maeneo ya ubongo huo ni uamuzi wa busara; anayechunguza tofauti za pande hana budi kuujua mapema, asije akadhani kwamba ulinganifu anaouona ni wa panya mwenyewe.

Ninaipendekeza kwa moyo wote kwa mwalimu au mwanafunzi anayetaka kujua ni seli zipi zinazotengeneza kipokezi fulani. Akishalipata jibu hilo, aende kwenye picha za hadubini ya elektroni, ambako sinapsi hupimwa mojamoja, na uzi ulioifikia umetiwa alama ya upande ulikotoka.