Uzoefu wangu: Gogo la Buena Park kabla na baada ya ukarabati

Mwezi uliopita nilipanda tena Timber Mountain Log Ride katika bustani ya burudani ya Knott's Berry Farm, huko Buena Park, California, safari hii nikiwa na binti yangu wa miaka minane. Mara ya kwanza niliupanda mchezo huu mwaka 2011, yaani kabla ya ukarabati mkubwa wa mwaka 2013, kwa hiyo naweza kulinganisha niliyoyaona wakati ule na ya sasa.

Kwa asiyeufahamu, abiria huketi mmoja nyuma ya mwenzake ndani ya chombo cha fibaglasi chenye umbo la gogo, maji ya pampu yakakichukua polepole katika mfereji mwembamba, kikapandishwa juu kwa mitambo, kisha kikaporomoka hadi bwawani, ambako maji yenyewe hukipunguza mwendo. Asili yake ni mifereji ambayo wakata miti wa magharibi mwa Marekani waliitumia katika karne ya 19 kushushia mbao kutoka milimani. Kampuni ya Arrow Development ndiyo iliyoigeuza kuwa burudani, ilipojenga mchezo wa El Aserradero katika bustani ya burudani ya Six Flags Over Texas mwaka 1963. Huko mfereji ulikuwa nje, juani, na watu walifuata mteremko na maji tu.

Bud Hurlbut, mbunifu wa michezo ya bustani za burudani, alikuja na wazo jingine hapa Buena Park mwaka 1969. Aliufunika mfereji kwa mlima wa kutengenezwa na ndani yake akaweka kambi nzima ya wakata miti, hata abiria akawa anapita gizani, anasikia maji yakigonga ubavu wa gogo, anahisi ubaridi wa pango, na kuuwaza mteremko kwa muda mrefu kabla ya kuufikia. Mteremko wenyewe ni wa mita 13 hivi, kimo ambacho leo hakimtishi mtu anayeusoma kwenye karatasi, lakini ile subira gizani huuongezea urefu. Mimi nimezaliwa Mafinga, kwenye mbao na vumbi la misumeno, na nakiri kwamba picha ile ya kambi ilinigusa kuliko nilivyotarajia.

Ukarabati wa 2013 ulileta sanamu mpya za watu na wanyama zilizotengenezwa na Garner Holt Productions, ambazo nyuso na mikono yake husogea kiasi kwamba binti yangu aliwapungia mkono wakata miti. Njia ya maji na ule mwendo wa taratibu viliachwa, na hapo ndipo ninapowapongeza kwa dhati waliosimamia kazi hiyo. Gogo bado halina chuma cha kubana mapaja, hivyo mtoto wangu alikaa mbele yangu huku ameegemea kifua changu. Katika bustani nyingine, ambayo siitaji, tulikuta vyombo vipana vyenye viti vilivyotenganishwa na vyuma; alipanda akiwa peke yake kitini mwake, akashuka akilia.

Njia tofauti ilichukuliwa Disneyland, jirani kabisa na hapa. Splash Mountain, mchezo wa magogo kama huu uliofunguliwa mwaka 1989, ilifungwa mwaka 2023 na kurudi Novemba 2024 ikiitwa Tiana's Bayou Adventure. Naona ilikuwa haki kuiacha hadithi ya zamani, kwa kuwa ilitokana na filamu ya mwaka 1946 iliyolaumiwa kwa namna ilivyowaonyesha watu weusi, na sanamu mpya ni kazi nzuri mno. Hata hivyo, zamani sungura wa hadithi hiyo alikuwa anatupwa kwenye miiba na abiria akaporomoka pamoja naye. Sasa tunatafuta wanamuziki wa sherehe, na kwangu anguko halitoki tena moja kwa moja katika kisa. Anayebadilisha hadithi ya mchezo wa namna hii angeanzia kwenye mteremko, kisha arudi nyuma.

Angalau mfereji wa Disneyland bado upo. Ule wa bustani ya Alton Towers, Uingereza, uliodumu tangu 1981, ulifungwa mwaka 2015 na eneo lake likapewa mchezo mwingine, Wicker Man.

Ukienda Buena Park, panda mchana uone sanamu vizuri, kisha rudi usiku. Sisi tulipanda mara tatu, na ile ya mwisho, taa za bustani zilipotokea ghafla chini yetu ukingoni mwa mteremko, binti yangu alinishika magoti yote mawili na hakusema neno hadi tulipofika bwawani.