Subaru Impreza GC8 ya mkononi hapa Kampala

Nimekaa na hii GC8, yaani Impreza ya kizazi cha kwanza ya miaka ya 1990, muda wa kutosha sasa na naipenda kweli, ile injini ya EJ20 ya lita mbili yenye tabo ikianza kuvuta unasahau foleni yote ya Jinja Road. Ila anayetaka kununua aangalie vizuri jamani. Tangu 2018 sheria ilikataza kuingiza nchini gari yenye zaidi ya miaka 15 toka itengenezwe, kwa hiyo zilizopo ndo hizo hizo, na iliyobaki orijino watu wanaigombania. Yangu mwenye nayo wa kwanza alikuwa anaweka kila risiti kwenye bahasha ndani ya droo ya dashibodi, taiming belti imebadilishwa pamoja na pampu ya maji, kilomita zimeandikwa kwa maka pen juu ya kava, hapo sikubishana bei, maana belti ikikatika kwenye injini hii valvu zinagonga pistoni na umeshaumia. Nyingine niliyoonyeshwa ilikuwa na ekzosi kubwa, springi zimekatwa na grainda, busti (presha ya hewa ya tabo) imepandishwa, halafu mwenyewe anataka hela zote za modifai zirudi, haiwezekani! Mnunuzi anawaza tu tabo imeteswa kiasi gani. Rimu nzuri na shokamzoba za maana hazimtishi mtu. Lakini ukitoa vitu orijino vihifadhi, ukitaka kuuza unavirudisha, kuvitafuta Kisekka, soko la spea hapa Kampala, ni kazi kwelikweli. Nyota nne, ya tano imeliwa na mafuta.