Chumba cha kangaruu, Pemba: nyota nne kutoka kwa mama wa njiti

Nimelazwa na mwanangu siku 18 katika chumba hiki cha hospitali, ambamo mama humbeba kifuani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kama kangaruu na mwanawe, na baada ya kuruhusiwa nimerudi mara tatu kupima. Naandika kwa sababu nilipokuwa mja mzito nilisoma sifa za maduka ya nguo za watoto na pampasi mpaka macho yakachoka, lakini sikukuta hata mstari mmoja wa mtu wa huku kwetu anayeeleza mtoto mdogo hulishwaje mpaka akaongezeka.

Wangu alizaliwa wiki ya 34, gramu 1,880. Siku ya nne akawa 1,740. Nililia mpaka kanga ikarowa. Nesi wa zamu ya usiku, mtu mzima, sote tukimwita Shangazi, akakaa kitandani kwangu akanambia: “Watoto hupungua siku za mwanzo, mwanangu. Wako hajapungua hata sehemu moja ya kumi. Sasa tumtazame anavyopanda.” Siku ya 13 alirudi kwenye uzito wake wa kuzaliwa.

Chumba kina vitanda vinne na dirisha moja. Mtoto huvuliwa kila kitu ila winda, kofia na soksi, akawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kichwa upande, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha mkafungwa pamoja. Wana vitambaa vyao vya kufungia, ila mimi nilifungwa kwa kanga yangu na ilishika vizuri zaidi. Shangazi alitueleza kuwa mtindo huu aliuanzisha daktari Edgar Rey Sanabria mjini Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali yake ilipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatia joto. Na mtoto akipata baridi, maziwa anayokunywa huishia kumpasha moto, habakishi cha kuota nyama. Nilipolielewa hilo sikunung'unika tena na joto la kaskazi, jasho likinitiririka mgongoni na yeye kalala kifuani.

Kulisha ndiko hasa walikonifunza. Wangu alikuwa akinyonya mara tatu nne, kisha analala na ziwa mdomoni, nami nikidhani kashiba. Kumbe kachoka. Kwa hiyo kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, nilimnyonyesha kwanza, kisha nikamkamulia kwenye kikombe cha dawa cha mililita 30 kilichochemshwa. Shangazi alinionesha kwa mkono wake mwenyewe: kidole gumba juu, vidole chini, nyuma ya weusi wa ziwa, unasukuma kuelekea kifuani, unabana, unaachia. Usivute chuchu. Dakika za mwanzo yalitoka matone, nikaona haya mbele ya wenzangu. Halafu yakaanza kuruka.

Na kumnywesha nako kuna namna yake. Mtoto anakalishwa wima mapajani, kikombe kinaguswa kwenye mdomo wa chini na kuinamishwa mpaka maziwa yafike mdomoni tu. Humimini. Unangoja. Baada ya muda ulimi unatoka, mwembamba, wa waridi, unaramba kama mtoto wa paka. Mara ya kwanza alimaliza mililita 12 na nyengine zikaishia kwenye shuka. Siku ya kumi alikuwa anachukua 35.

Tuliruhusiwa akiwa na gramu 2,030. Wiki ya kwanza nyumbani ndipo nilipoyumba. Wageni wengi, mtoto anapitishwa mkono kwa mkono, na usiku analala saa tano mfululizo, sote tunashukuru kuwa katulia. Nikampeleka kituo cha karibu akapimwa: 1,960. Mama mkwe, kwa uchungu, akasema, “Maziwa yako mepesi, mwanangu, mtoto hashibi.” Siku ile ile likanunuliwa kopo la maziwa na chupa. Muuza duka aliapa kuwa wiki moja tu mashavu yatajaa. Alipopewa chupa mara mbili, zote mbili alipaliwa.

Kesho yake nilirudi chumba cha kangaruu. Hapa ndipo nilipowapenda. Shangazi hakunigombeza. Alimvua mtoto winda na kila kitu, akairudisha mizani kwenye sufuri, akampima: 2,090. Mizani mbili, habari mbili. Sisi ni watu wa karafuu, gunia likipimwa pengine tunajua kuuliza mizani imekaaje, lakini kwa mwanangu sikuuliza. Tangu siku ile nampima kwenye mizani moja tu, akiwa mtupu.

Hata hivyo gramu 60 kwa wiki ni kidogo, na hakunificha hilo. Akanambia ninyonyeshe yeye akitazama, na alitazama mpaka mwisho bila neno, dakika 40 nzima. Kisha akanirekebishia mkao: mdomo upanuke kwanza, kidevu kiguse ziwa. Akisinzia, mfunue, msugue nyayo, ziwa ulibane kidogo yashuke. Halafu akanipa jambo ambalo sikuwahi kulisikia popote: nikamue kidogo ya mwanzo nikayaweke, ndipo nimpe ziwa, ili nguvu zake chache zimalizikie kwenye maziwa ya mwisho yaliyo na mafuta zaidi. Kuhusu kopo, alisema lina watu wake, daktari akiona haja, na likichanganywa kwa kipimo sawasawa. Kwangu haja hiyo haikuwepo.

Akamwita na mama mkwe ndani. “Bi mkubwa, njoo nawe, huyu hawezi peke yake.” Mama akaoneshwa kikombe, akaoneshwa hesabu ya mawinda, sita au zaidi yaliyorowa kwa siku. Tangu usiku ule yeye ndiye aliyeniamsha saa nane, taa mkononi, na bakuli la supu ya kuku yenye pilipili manga.

Siku ya 32, gramu 2,300.

Nyota niliyoizuia ni ya haya: choo kimoja kwa mama wote, tena mbali, na wewe umefungwa mtoto kifuani na mshono haujapoa. Anayekuletea chakula hana pa kukaa. Na baba hawakaribishwi vya kutosha. Mume wangu alimbeba kifuani mara mbili tu, tena kwa kuombewa, na mtoto alilala kwake kuliko kwangu. Nawaomba wakuu wa hospitali watenge hata saa moja ya jioni kwa kina baba, pazia linatosha.

Malipo hapana, sikutozwa hata shilingi. Anayekwenda achukue kanga mbili kuukuu, ndizo laini, chupa ya chai na mtu wa kupokezana naye.

Siku ya 39, arubaini ikiwa kesho yake, mizani ilisoma 2,510. Shangazi aliandika kwenye kadi, akataka kumfunga tena kifuani kwangu. Mtoto akapiga teke, mguu ukatoka nje ya kanga. Akaurudisha, ukatoka tena. “Basi,” akasema, “huyu kashakataa,” akaikunja kanga yangu akanipa.