Kaunta ya jikoni inapogombana na sakafu: ununue ipi ukiwa Kigoma

Kabla hujaenda dukani kuulizia kaunta, tafuta kipande cha kigae kilichobaki fundi alipomaliza sakafu yako. Nyumba nyingi kipo, nyuma ya choo au chini ya simtanki. Kioshe, kifunge kwenye kanga, uende nacho. Mimi sikwenda nacho. Sakafu yangu hapa Mwanga, mtaa wa Kigoma mjini, ni ya vigae vya kahawia vyenye maua ya manjano, nami nikanunua vya kijivu vya kufunika kaunta, vyenye mishipa myeupe inayovutia kwenye buluu. Dukani, chini ya taa nyeupe, vilipendeza. Nyumbani, dirisha likiwa wazi saa nne asubuhi, sakafu ilionekana chafu hata nikiwa nimetoka kuipiga deki, na kaunta ikawa baridi kama ya zahanati. Nilipikia jiko hilo miaka miwili ndipo nikaivunja.

Kahawia na kijivu vinaweza kukaa pamoja. Tatizo lilikuwa kwamba kahawia yangu ilikuwa ya moto na kijivu changu kilikuwa cha baridi, kisha vyote viwili vilikuwa na michoro. Kujua rangi yako iko upande gani ni rahisi: weka karatasi nyeupe kabisa kando ya kigae, karibu na dirisha. Mbele ya weupe ule, kigae kitajionyesha kama kina umanjano au wekundu ndani yake, au kama kinaelekea kwenye buluu au kijani. Ukishajua, tafuta kaunta ya upande huohuo, iwe nyeusi zaidi au nyeupe zaidi kuliko sakafu, lakini isilingane nayo kabisa. Na kama sakafu ina maua, kaunta iwe kimya.

Wapo watakaokuambia ubomoe sakafu. Usikubali haraka. Jiko la mita 3 kwa 3.5 lina sakafu ya mita za mraba 10.5, kaunta ya urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 60 ni mita za mraba 1.8. Badilisha kilicho kidogo.

Sasa, mpangilio wangu wa kaunta, kuanzia ninayoipendekeza zaidi. Nimeupanga kwa jiko la huku: jiko linalokaangia mawese, linalowekewa limau kwenye migebuka, na linalongoja mzigo uliosafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam.

Ya kwanza ni terazo ya kumwaga palepale, yaani saruji iliyochanganywa na kokoto za marumaru, kisha ikasagwa hadi ing'ae. Katika orodha hii hakuna kaunta nyingine unayoweza kuichanganyia rangi mbele ya sakafu yako. Sakafu ya moto inataka saruji nyeupe, rangi kidogo ya manjano au kahawia, na kokoto za marumaru za krimu. Sakafu ya kijivu inaridhika na saruji ya kawaida na kokoto nyeupe na nyeusi. Mwambie fundi akutengenezee kwanza sampuli ya sentimita 20 kwa 20, aisage na kuing'arisha kabisa, kwa sababu terazo ambayo haijasagwa haikuonyeshi rangi yake halisi. Iweke sakafuni, uitazame asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka. Ukiona inagombana, umepoteza ndoo moja ya mchanganyiko, basi. Kokoto husafiri kwenye mifuko, kwa hiyo hakuna cha kuvunjika njiani. Baada ya kumwaga, tabaka hilo likae likimwagiwa maji kwa siku kadhaa kabla ya kusagwa. Fundi anayetaka kulisaga kesho yake, mzuie, maana kokoto zitang'oka.

Udhaifu wake ni tindikali na mafuta. Saruji na marumaru vyote huliwa na limau, siki na ukwaju, na pale palipomwagika hupoteza mng'ao. Mawese nayo hupenya na kuacha doa la rangi ya machungwa. Kwa hiyo dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe iwemo kwenye bei tangu mwanzo, ipakwe tena kila maji yanapoanza kunywewa, na limau likatiwe kwenye kibao.

Ya pili ni graniti, na kwa jiko la mawese ningesema ya rangi nzito isiyo na michoro mikubwa. Limau haliichubui, kisu hakiikwaruzi kirahisi, na nyeusi tulivu inakaa vizuri na sakafu nyingi zenye maua. Nimeishusha nafasi ya pili kwa sababu mbili: rangi unachagua kati ya zilizopo tu, na bamba refu likipata ufa safarini unaanza upya. Andikishianeni kwamba hulipi salio hadi bamba lifike zima. Omba kipande, kidondoshee maji, subiri dakika kumi. Pakigeuka peusi zaidi, jiwe linakunywa na linahitaji dawa. Kisha rudia kwa mawese, ulaze usiku kucha. Uliza pia kama bei ni ya mita ya urefu au mita ya mraba, na kama kukata tundu la sinki na kulainisha kingo vimo. Hapo ndipo bei mbili zinazofanana huachana. Na jiko la mkaa usiliweke juu ya jiwe lolote bila tofali chini yake, kwani moto wa sehemu moja unaweza kulipasua.

Ya tatu ni vigae vya poslini juu ya slabu ya zege. Ni rahisi kuvipata na havinywi mafuta. Shida iko kwenye mistari ya grauti, ule ujazo wa saruji kati ya kigae na kigae, ambayo mawese huipenda sana. Chukua vigae vikubwa, sentimita 60 kwa 60, ili mistari iwe michache, na grauti ya rangi nzito inayofanana na sakafu. Kwa mwenye bajeti ndogo hii ndiyo njia, mradi vigae viwe vya rangi moja.

Mninga ninaupenda kuliko nafasi ya nne niliyoupa. Ubao wake kutoka misitu ya miombo ya upande wa Tabora una wekundu unaotuliza sakafu yoyote ya moto. Lakini maji ya sinki yatauharibu usipoutunza kwa mafuta ya mbao. Utumie upande wa kukandia chapati, sinki liachie jiwe au terazo. Nunua kwa mwenye stakabadhi na kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Karatasi za plastiki zenye picha ya marumaru siziweki kwenye orodha. Sufuria moja ya moto inatosha kuzikunja.

Kama kaunta inayogombana umeshainunua na fedha imekwisha, usiibomoe bado. Anza na ukuta ulio kati ya kaunta na makabati: upake au uuwekee vigae vyenye rangi moja iliyomo sakafuni, ile iliyofifia zaidi. Kwangu ingekuwa krimu iliyozunguka yale maua. Milango ya makabati ipake rangi hiyohiyo. Ni kopo moja au mawili, na kazi ya Jumamosi na Jumapili.